Watoro wa Rabai

Waraka wa Paulo kwa Filemoni ndio mfupi kuliko nyaraka zake zote. Una aya 25 tu, na msomaji anaweza kuumaliza kabla chai yake haijapoa. Mtumwa Onesimo ameachana na bwana wake, amemfikia Paulo kifungoni, ameamini, na sasa Paulo anamrudisha alikotoka na barua mkononi. Anamwombea apokewe kama ndugu mpendwa. Anasema hata kama kuna deni, lihesabiwe juu yake yeye Paulo. Pamoja na upole wote huo, anamrudisha. Kumbukumbu la Torati, sura ya 23, haina maombezi wala barua. Pale Israeli wanaamriwa wasimkabidhi kwa bwana wake mtumwa aliyewakimbilia. Akae kati yao mahali atakapopapenda mwenyewe, wala wasimwonee.

Kwa miaka kama 15, kati ya 1874 na 1889, Wakristo wa pwani ya Mombasa waliishi katikati ya kurasa hizo mbili. Wamisionari wa Kiingereza, wakibanwa na maagizo ya London na ya balozi wao aliyekaa Unguja, walielemea ule wa kwanza. Waafrika waliowasomea watu maandiko kila siku, ambao wengi wao waliwahi kuuzwa utotoni, walielemea wa pili. Sisemi kwamba walikaa barazani wakashindana kwa sura na aya. Nasema kwamba ukiyatazama waliyoyatenda, ndivyo yanavyosomeka.

Rabai ilikuwapo kabla ya mzozo huo. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha wamisionari wa Kianglikana, CMS, alifika Mombasa mwaka 1844, na mwezi Julai mwaka huohuo akamzika mkewe Rosina pamoja na kichanga chao upande wa bara wa mji. Miaka miwili baadaye akaja Johannes Rebmann, na Agosti 1846 wote wawili wakapanda vilima vya Rabai, nyuma ya Mombasa, kuishi kwa ridhaa ya wazee wa kaya. Kwa hesabu za wafadhili wa Ulaya mavuno yalikuwa haba. Wa kwanza kuamini, Mringe, alikuwa kiwete asiye na cheo chochote, akabatizwa akiwa karibu na kufa. Akafuata Abe Gunja. Krapf aliondoka miaka ya 1850, naye Rebmann akabaki, akazeeka, akapofuka, akiandika kamusi na kutafsiri. Mwaka 1875 aliposafirishwa kwao, aliyemshika mkono njia nzima hadi Ulaya alikuwa Isaac Nyondo, mwana wa Abe Gunja. Katika miaka hiyo 29 palipatikana jambo moja ambalo London haikulitia katika hesabu zake: Injili ya Luka ilisomwa kwa lugha ya vilima vile, pamoja na sura yake ya nne, ambapo Yesu anasimama katika sinagogi la Nazareti na kutangaza kufunguliwa kwa waliofungwa.

Waliokuja kuisoma kwa nguvu zaidi walitoka India. Manowari za Uingereza zilipoyakamata majahazi ya watumwa katika Bahari ya Hindi, watoto wengi waliookolewa walipelekwa Bombay. CMS ilikuwa na makao yao karibu na mji wa Nasik, chini ya kasisi William Salter Price. Huko watoto hao walifundishwa useremala, uhunzi, Kiingereza na Biblia. Mwaka 1864 vijana watatu waliolelewa huko, William Jones, George David na Ishmael Semler, waliletwa kumsaidia Rebmann. Walivaa suruali, walisoma magazeti, na walikuwa na majina ya Kiingereza ambayo wazazi wao wasingeweza kuyatamka. Mombasa haikujua iwaite nani. Si Wazungu, si Waswahili, si Wanyika, kama Wamijikenda walivyoitwa siku zile. Na watumwa hawakuwa tena. Wakabaki kuitwa watu wa Bombay.

Kisha mambo yakaenda mbio. David Livingstone alifariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, na waliomchukua hadi pwani walikuwa watumishi wake Waafrika. Mmoja wao, Jacob Wainwright, mwanafunzi wa Nasik, ndiye aliyemsomea ibada ya mazishi porini. Mapema mwaka huohuo Sir Bartle Frere, aliyetumwa na serikali ya Uingereza, alifika Unguja kumshurutisha Sultani Barghash. Tarehe 5 Juni 1873 mkataba ulitiwa sahihi: masoko ya watumwa yafungwe, na mtumwa asisafirishwe tena baharini. Soko la Unguja likafungwa, na siku ya Krismasi ya mwaka uleule jiwe la msingi la kanisa likawekwa Mkunazini, penye soko lenyewe. Habari za kanisa hilo zinajulikana, na wageni hupelekwa kulitazama hadi leo. Habari za Rabai hazina picha nzuri kama hiyo. Labda ndiyo sababu hazisimuliwi sana.

Frere aliwashauri CMS wafungue makao ya watu walioachwa huru karibu na Mombasa. Price, yule wa Nasik, akateuliwa, akafika mwishoni mwa 1874, akanunua ardhi Kisauni, ng'ambo ya kisiwa, na mahali pale pakaitwa Frere Town. Tangu 1875 manowari zikaanza kushusha watu pale kwa makundi: Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengine wa bara ya mbali, wanaume, wanawake na watoto, wengi wakiwa wagonjwa wa safari. Waliitwa mateka. Walipewa viwanja, majembe, nguo na kengele ya kuwaamsha. Kengele hiyo imeacha jina lake: makutano ya barabara pale Nyali yanaitwa Kengeleni, na mnara wake ungali umesimama.

Hapa ndipo fundo la habari lilipo, nalo halifunguki bila kuielewa sheria. Mkataba wa 1873 ulifuta biashara ya baharini, haukufuta utumwa. Mtu aliyekamatwa na manowari akiwa ndani ya jahazi alikuwa huru, na hati yake ikaandikwa. Mtu aliyekwisha kununuliwa, akalima mtama na ufuta katika mashamba ya Malindi au Takaungu, alibaki mali halali ya bwana wake chini ya Sultani, na balozi wa Uingereza aliitambua mali hiyo. Dada aliyekamatwa baharini angeweza kuketi kanisani Frere Town akiwa mtu huru. Kaka yake, aliyevushwa mwaka mmoja kabla, akifika pale kwa miguu usiku na alama za viboko mgongoni, alikuwa mtoro, na kumpokea ilikuwa wizi.

Na walikuja. Miaka ile ya 1870 mashamba ya Malindi yalikuwa yakipanuka, kazi ikazidi, na misitu ya nyuma ya pwani haikuwa mbali. Watoro walikuwa wamejijengea vijiji huko kwa muda mrefu, bila msaada wa kanisa lolote. Jambo jipya lilikuwa kwamba sasa palikuwa na watu waliosema hadharani kuwa Mungu hana mtumwa na mwungwana, wakakaa mwendo wa siku moja au mbili kutoka shambani. Asiyejua kusoma aliweza kuelewa hilo. Maagizo ya CMS kwa watu wake yalikuwa kwamba watoro wasipokewe. Mabwana wa Mombasa hawakuyaamini maagizo hayo, na mwaka 1880 walitishia kuishambulia Frere Town.

Wenye mali hao nao wasichorwe kama mashetani. Walikuwa Waislamu, na kwa dini yao kumwacha mtumwa huru ni tendo la thawabu. Wengi walifanya hivyo, hasa walipokaribia kufa. Walichokataa ni kunyang'anywa thawabu na mali kwa pamoja na watu wa dini nyingine, wakati serikali ya hao wageni yenyewe ilisema mali ile ni halali. Kwa hoja za kisheria walikuwa na haki kuliko wamisionari, na wamisionari walijua hivyo.

Tena Frere Town haikuwa paradiso. Msimamizi wake miaka ya mwanzo ya 1880, mlei aliyeitwa J. R. Streeter, aliwachapa watu viboko na kuwafunga. Mateka wale wale waliotolewa jahazini waliadhibiwa kwa fimbo kwa uvivu, kwa uzinzi, kwa kutoroka. Ndiyo, watu walitoroka pia kutoka kwa waliowakomboa. Habari zikafika kwa ubalozi wa Uingereza Unguja, zikapelekwa London, Streeter akaondolewa, na Price akarudishwa kutengeneza mambo. Nimesoma wanaoipita aibu hii kwa sentensi moja ya kusamehe. Naona ni afadhali kukaa nayo kidogo, maana inaonyesha huruma ya aina gani ilikuwa ikitolewa. Ilikuwa huruma ya mwenye nyumba. Aliyepewa alitakiwa ashukuru, atii, na asiulize kiwanja chake kitakuwa cha nani kesho.

Wakati huohuo, msituni upande wa kaskazini, palikuwa na mahali tofauti kabisa. Mkristo wa Kigiriama, Abe Ngoa, alikusanya watu Fuladoyo, nao walikuwa karibu wote watoro. Hapakuwa na Mzungu, bendera wala fedha za London. Walilima, walisali, walijilinda. Katekista David Koi akawa kiongozi wao. Mabwana wa pwani walikivumilia kijiji kile kwa muda, kisha uvumilivu ukaisha, na mwaka 1883 Koi akakamatwa akauawa. Hakuwa kasisi wala hakuwa na mshahara wa kumfaa mtu kufa kwa ajili yake. Kenya ina mashahidi wa imani wanaotajwa kuliko yeye. Fuladoyo yenyewe haikufa naye. Watoro walirudi, wakajenga upya.

William Jones alikuwa Rabai. Kati ya wote waliomo katika habari hizi, yeye ndiye ninayemwona kwa uwazi zaidi, pengine kwa sababu hakuwa mtu wa maneno makali. Tarehe 31 Mei 1885 askofu James Hannington, aliyekuwa na miezi michache tu pwani, aliwapa yeye na Semler daraja la ushemasi. Walikuwa Waafrika wa kwanza wa kanisa lao katika Kenya ya leo kuwekewa mikono. Miezi miwili baadaye Hannington alishika njia ya Uganda kupitia nchi ya Wamaasai, akamchukua Jones na msafara wa watu kama 200. Kavirondo, karibu na Mumias ya leo, askofu akamwacha Jones na wapagazi walio wengi, akatangulia na watu 50. Tarehe 29 Oktoba, huko Busoga, akauawa kwa amri ya Kabaka Mwanga, na wengi wa watu wake wakauawa pamoja naye.

Jones alingoja hadi waliookoka walipofika na habari. Kisha akaugeuza msafara. Mbele aliitanguliza bendera ya buluu yenye neno moja kwa herufi nyeupe, Ikabodi. Ni jina ambalo mkwe wa Eli, katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, alimpa mtoto wake aliyezaliwa siku sanduku la agano lilipotekwa. Maana yake ni kwamba utukufu umeondoka. Mapema mwaka 1886 msafara ukaingia Rabai nyuma ya bendera hiyo. Walioachwa wajane hawakuhitaji kusomewa. Ninavyoona mimi, hakuna mahubiri yaliyotolewa pwani karne ile yaliyoishika Biblia hivyo, bila ufafanuzi na bila faraja ya haraka. Na aliyeyatoa alikuwa shemasi aliyewahi kuwa bidhaa.

Baada ya hapo Jones alirudi kwenye kazi ya kila siku: ibada ya asubuhi, shule, wagonjwa, magomvi ya mipaka ya mashamba. Na watu wakaendelea kuingia. Mgeni alifika jioni, akajitambulisha kwa jina moja, akapata jamaa wa lugha yake, akapewa pa kulala, kesho akaonekana konde na jembe. Baada ya miezi alikuwa mwanafunzi wa ubatizo. Rabai ilikua mno katika miaka hiyo, nayo makao makuu ya misheni yakayaona makuzi hayo kama matunda ya Injili. Yalikuwa hivyo, ingawa si kwa namna ambayo ripoti za London zilieleza. Jones alijua anaowapokea ni akina nani, nao walijua kwamba anajua.

Mwaka 1888 ukweli ukafumuka. Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilipata hati ya kifalme mwezi Septemba, na mwakilishi wake, George Mackenzie, akawasili Mombasa Oktoba kuupokea utawala wa pwani kwa niaba ya Sultani. Alikuja wakati mbaya. Upande wa kusini, Pangani na Bagamoyo, watu wa pwani walikuwa wameinuka chini ya Abushiri dhidi ya Wajerumani waliokuja kwa hati kama yake. Mombasa nayo ilikuwa imekasirika, na lililoikasirisha ni watoro wa misheni. Price, aliyekuwa ameletwa pwani kwa mara ya tatu, alipofanya ukaguzi alistaajabu: sehemu kubwa ya waumini wa Rabai walikuwa, kisheria, mali ya watu wengine. Pamoja na wale wa vituo vingine, wakiwamo wa Wamethodisti wa Ribe, walizidi 1,400.

Hebu tufikirie uchaguzi uliokuwapo. Kuwarudisha kungekuwa kutii sheria, na pengine kulinda amani ya mji. Hao 1,400 walikuwa wameoa, wamejenga, wamebatizwa, wamezaa. Na walikuwa na pinde. Kuwabakiza bila neno kungewasha Mombasa kama Pangani. Mackenzie alikuwa mfanyabiashara, na alitafuta njia ya mfanyabiashara: wenye mali walipwe. Kampuni ikatoa fedha, na mchango ukatoka kwa serikali ya Uingereza, kwa vyama vya wamisionari na kwa marafiki zao wa huko. Mabwana walikubali. Tarehe 1 Januari 1889 watu wakakusanyika Rabai kupokea hati zao za huru, kila mtu na karatasi yake.

Ilikuwa siku ya furaha ya kweli, na sina haja ya kuitia kitumbua mchanga. Mama aliyekuwa akishtuka kila mbwa alipobweka usiku alipata karatasi ambayo Liwali wa Sultani hangeweza kuipinga. Lakini fedha zilikwenda upande mmoja tu. Aliyeibiwa miaka 20 ya kazi hakupata hata pesa moja. Aliyemtumikisha ndiye aliyelipwa. Waingereza walikuwa na desturi hiyo tangu kwao. Bunge lao lilipofuta utumwa katika makoloni miaka ya 1830, lilitenga pauni milioni 20 kwa wenye watumwa, na kwa watumwa halikutenga kitu. Pale Rabai ahadi ya Paulo ya kulilipa deni la Onesimo ilitimizwa neno kwa neno. Nani alikuwa na deni kwa nani lilikuwa swali jingine, nalo halikuulizwa mezani.

Tena palikuwa na sharti. Misheni ziliahidi kwamba tangu siku hiyo hazitapokea watoro wengine. Waliotangulia walinunuliwa, watakaofuata watarudishwa. Mtu aliyekuwa akijiandaa kutoroka Takaungu wiki ile ya Krismasi alikuta mlango umefungwa na wale wale walioufungulia wenzake. Wengi wakaelekea Fuladoyo na vijiji vya msituni. Huko nako, mwaka 1890, Frederick Lugard wa Kampuni alikuja na mpango wa kuwafanya watoro wajinunue kwa kazi ya mikono, wakijenga ngome za Kampuni ukingoni mwa mto Sabaki. Kwa lugha ya siku zile iliitwa kuwasaidia.

Wazao wa Frere Town wamejisimulia wenyewe. James Mbotela, mwana wa mtu aliyeokolewa jahazini, alichapisha Uhuru wa Watumwa mwaka 1934, na vizazi vya shule vilikisoma. Shukrani zake kwa Waingereza ni nyingi kuliko msomaji wa leo anavyoweza kuvumilia, na wahakiki wamemsema sana. Mimi simlaumu. Baba yake alitolewa baharini na manowari. Habari yake ilikuwa ya mateka, na mateka alikuwa na mtu wa kumshukuru. Mtoro alijitoa mwenyewe, kwa miguu yake, na aliyempokea aliivunja amri ya wakubwa zake. Mtoro huyo hakuandika kitabu.

Hali ya kisheria ya utumwa ilifutwa Unguja na Pemba mwaka 1897, na pwani ya Kenya ikasubiri hadi 1907. Kwa mara nyingine wenye watumwa walifika mahakamani kudai fidia zao, wakalipwa. Kufikia hapo watoto waliozaliwa Rabai na wazazi watoro walikuwa watu wazima, baadhi yao wakifundisha shule, wengine wakiwasomea Luka watu ambao mababu zao walikuwa wamewapa Krapf na Rebmann mahali pa kukaa.